UVIMBE WA INI UNAOFANANA NA SARATANI

Ini ndicho kiungo kikubwa kuliko vyote vilivyomo ndani ya mwili wa binadamu. Uzito wake kwa mtu mzima hukaribia kilo 1.5. Katika Afrika Mashariki saratani ya ini inafahamika sana. Miongoni mwa vyanzo vyake vikuu ni virusi vya homa ya ini aina ya B, pamoja na aflatoksini, yaani sumu ya kuvu waotao katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Kwa hiyo uvimbe uonekanapo katika ini, saratani hufikiriwa mapema. Lakini si kila uvimbe ni saratani. Kumwita mgonjwa wa saratani mtu asiye nayo kwaweza kumtia katika upasuaji mkubwa asiouhitaji. Na kosa la kinyume chake laweza kumnyima tiba ya kuokoa maisha yake.

Aina za uvimbe usio saratani

Uonekanao mara nyingi zaidi ni hemanjioma, ambayo ni fungu la mishipa ya damu iliyopanuka. Kwa kawaida haihitaji tiba. Aina nyingine ni fundo la seli za kawaida za ini zilizozunguka kovu lenye umbo la nyota. Adenoma ni adimu zaidi, na huwapata hasa wanawake wa umri wa kuzaa. Mwaka 1973 madaktari wa Marekani waliihusisha na vidonge vya kuzuia mimba. Adenoma yaweza kutoka damu, na chache hugeuka saratani, hivyo haipuuzwi.

Adimu sana ni ule uitwao uvimbe bandia, ulioelezwa mwaka 1953. Huu ni msongamano wa seli nyeupe za damu na nyuzi za kovu. Mgonjwa hupata homa, maumivu ya tumbo na kukonda, kama mwenye saratani. Lakini mara nyingine uvimbe huo hupungua kwa dawa za kuua bakteria, au hutoweka wenyewe.

Hatua za uchunguzi

Kwanza, daktari huuliza historia: umri, homa ya ini ya zamani, dawa zitumiwazo, na maisha ya mgonjwa pamoja na mifugo na mbwa.

Pili, damu hupimwa. Saratani nyingi za ini hutoa alfafetoprotini, protini itengenezwayo kwa wingi na ini la mtoto aliye tumboni mwa mama. Hata hivyo baadhi ya saratani haziitoi, nayo huongezeka pia katika ujauzito. Kipimo hiki peke yake hakitoi hukumu.

Tatu, hupigwa picha. Ini hupata takriban robo tatu ya damu yake kutoka vena itokayo matumboni, na robo moja kutoka ateri. Saratani ianziayo katika ini hutegemea zaidi ateri. Dawa ya kung'arisha picha ikidungwa mshipani, saratani hiyo kwa kawaida hung'aa mapema, kisha hufifia kuliko ini lililoizunguka. Hemanjioma hujaa polepole kutoka pembeni kuelekea katikati. Fundo lenye kovu hung'aa mapema bila kufifia hivyo. Uvimbe bandia hauna sura moja. Ndiyo maana hudanganya.

Nne, picha zisipotosha, kipande kidogo huchukuliwa kwa sindano na kuchunguzwa kwa darubini. Hatua hii haiharakishwi. Huko Turkana, Kenya, kwa mfano, ini huweza kuwa na kifuko cha maji cha tegu wa mbwa. Kikitobolewa bila matayarisho, maji yake yaweza kumwagika na kumletea mgonjwa mshtuko wa hatari. Hemanjioma nayo yaweza kuvuja damu. Shaka ikibaki, picha hurudiwa baada ya muda, au uvimbe huondolewa kwa upasuaji.

Hivyo basi, hakuna kipimo kimoja kinachotosha. Kila ushahidi hupimwa kwa ushahidi mwingine kabla ugonjwa haujapewa jina.

Maswali

1. Kwa nini alfafetoprotini ya kiwango cha kawaida haithibitishi kwamba mgonjwa hana saratani?
2. Eleza jinsi njia mbili za damu ya ini zinavyosaidia kutofautisha aina za uvimbe.
3. Kwa nini sindano haitangulii picha?