Mji Mpya Ukiletwa Kijijini

Inapotokea, katika kijiji chenye kaya chache na mashamba mapana, kwamba mwekezaji amefika akifuatana na mpima ardhi, bikoni zikapandwa tangu kisimani hadi malishoni, na habari zikaenea kuwa hapo zitajengwa nyumba kwa mamia kwa ajili ya watu wa mjini, aghalabu wanakijiji hugawanyika: wako wasemao kuwa jambo lenye mkono wa Serikali halipingwi, na wako wachukuao mapanga wakaenda kung'oa bikoni usiku. Wote wawili hujidhulumu, wa kwanza kwa kuiacha haki yake na wa pili kwa kujitia katika jinai, ilhali sheria ya Tanzania imewawekea hujja iliyo na nguvu kuliko kimya na kuliko panga, nayo ni kauli ya Mkutano Mkuu wa Kijiji.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imeiweka ardhi ya kijiji katika mikono ya Halmashauri ya Kijiji kwa njia ya amana, wala mshika amana hana ruhusa ya kuitoa pasipo idhini ya wenyewe. Wenyewe ni kila mkaazi aliyetimiza umri wa miaka 18, mwanamume kwa mwanamke, mwenye shamba na asiye nalo, ambao wakikutana ndio Mkutano Mkuu. Halmashauri haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla Mkutano huo haujaidhinisha, na katika kila mkutano wa kawaida yaipasa kueleza jinsi inavyoisimamia ardhi na kuyasikiliza maoni ya watu. Muhuri wa mwenyekiti, hata ukigongwa mara kumi katika karatasi moja, si idhini.

Tena, ili viwanja viuzwe kwa watu wa mbali kwa hati za kawaida, ardhi hiyo kwa desturi hutolewa kwanza katika fungu la ardhi ya kijiji ikaingizwa katika ardhi ya jumla, na uhamisho huo ni wa Rais, kwa maslahi ya umma, baada ya Waziri kutoa ilani katika Gazeti la Serikali na kuipeleka kwa Halmashauri ya Kijiji, ikitaja mahali, mipaka, sababu, na tarehe isiyopungua siku 90 tangu kutangazwa. Kamishna wa Ardhi au ofisa wake hana budi kuja mkutanoni kueleza sababu na kujibu maswali. Ikiwa eneo halifiki hekta 250, Mkutano Mkuu ndio wenye kukubali au kukataa; likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri baada ya kuyatazama mapendekezo ya Mkutano. Sasa na tupige hesabu: nyumba 500, kila moja katika kiwanja cha mita za mraba 1,000, ni hekta 50 tu, na hata zikiongezwa barabara, shule na soko, bado ni mbali sana na 250. Maana yake ni kwamba katika miradi mingi ya nyumba neno la mwisho la kukataa ni la wanakijiji, na kwa kadiri nionavyo hakuna kifungu katika sheria hii kilicho na thamani kuliko hiki wala kijulikanacho kwa uchache kuliko hiki.

Haki hiyo hupotea, si mahakamani, bali katika karatasi ya mahudhurio. Watu huitwa mkutanoni kusikiliza habari za maendeleo. Mgeni huzungumza kwa saa mbili. Soda hugawanywa, na kila mtu hutia saini au dole gumba ili apate soda yake na posho kidogo. Baadaye karatasi ile ile, yenye kichwa kilichoandikwa baada ya watu kuondoka, huambatishwa na muhtasari usemao kuwa wanakijiji waliridhia kwa kauli moja. Kwa hiyo usitie saini katika karatasi isiyo na kichwa, tarehe na ajenda. Taka kura zihesabiwe, za ndio na za hapana, na idadi iandikwe. Kisha, kabla siku hazijapita, mwandikie mtendaji wa kijiji barua ya kuomba nakala ya muhtasari, ukibakiwa na nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa. Akikaa kimya, Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2016 yataka ujibiwe ndani ya siku 30.

Pingamizi nalo liwe na mwili. Kusema kuwa hatutaki wageni hakumwelemei mtu yeyote, na pengine si insafu, maana wengi wetu tulikuwa wageni mahali fulani. Semeni kuwa kisima hukauka mwezi wa Septemba na nyumba mpya zitakunywa maji hayo hayo. Kwamba eneo lililopimwa limewekwa kuwa malisho katika mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji. Kwamba hapo pana makaburi. Aidha, mradi mkubwa wa nyumba hauna ruhusa ya kuanza pasipo tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya mwaka 2004, na mtathmini hupaswa kuyachukua maoni yenu. Yaandikeni wenyewe mkampe, msimwachie ayakumbuke.

Jihadharini na milango ya nyuma, nayo ni miwili. Wa kwanza ni kutangazwa kwa kijiji kuwa eneo la mipango miji chini ya sheria ya mwaka 2007, jambo litokealo mara kwa mara kandokando ya miji ikuayo. Ulizeni wilayani mapema kama tangazo hilo limekwisha kutoka. Wa pili ni dalali anunuaye shamba moja moja kwa hati ya mkono, na kuhusu huyu yafaa ijulikane kuwa Mahakama ya Rufani imepata kuyahesabu kuwa batili mauziano ya ardhi ya kijiji yasiyopata idhini ya Halmashauri ya Kijiji.

Halmashauri yenyewe ikiwa ndiyo yenye kosa, wanakijiji wasiopungua 100 waweza kuilalamikia kwa maandishi kwa Halmashauri ya Wilaya. Ugomvi na mtu binafsi huanza kwa usuluhishi katika Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 hupatanisha tu wala halihukumu, na siku 30 zikipita bila ya suluhu shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kuishitaki Halmashauri ya Kijiji ni njia nyingine: yataka notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu, na kwa kuwa katapila halingoji siku 90, wakili aweza kuomba zuio la muda wakati notisi ingali ikihesabiwa.

Na ikiwa wengi, kwa hiari na kwa kura iliyohesabiwa, wameukubali mradi, ardhi haihamishwi mpaka aina, kiasi, namna na wakati wa kulipa fidia vimekubaliwa. Nayo fidia ni pamoja na thamani ya soko, usumbufu, usafiri na hasara ya kipato, si bei ya mihogo iliyong'olewa. Asiye na fedha za wakili amwendee afisa maendeleo ya jamii wa wilaya yake akaulize watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya mwaka 2017, na aende kabla ya mkutano wala si baada yake.