Umeme wa Mabaki ya Ndizi

Swali: Hapa Masisi, mashariki mwa Kongo, tunakamua ndizi za kasiksi (pombe ya ndizi), mabaki yanaoza bure. Je, yanaweza kutoa umeme?

Jibu: Ndiyo, ndugu, ila kidogo mno. Bakteria wakila sukari pasipo hewa huachia elektroni. Zamisha fimbo ya kaboni ndani ya tope la mabaki, nyingine iwe juu yake, penye maji na hewa, ziunganishe kwa waya, mkondo utapita. Mwanasayansi M. C. Potter alionyesha umeme wa vijidudu Uingereza mwaka 1911. Chombo kimoja hutoa takriban nusu volti, na mkondo hafifu. Hata taa ndogo ya LED huhitaji vyombo kadhaa vilivyofungwa mfululizo. Wanafunzi wa Masisi na jirani zao wa Walikale wangefurahi kujaribu! Kwa kupikia, changanya mabaki na samadi ya ng'ombe katika tangi lisiloingiza hewa, upate biogesi. Magereza ya Rwanda, ng'ambo ya mpaka, yamepikia gesi ya kinyesi.