Sahihi ya Imeli Pekee Haitoshi

Umeweka jina, simu na namba ya till chini ya kila imeli ya biashara? Vizuri, mteja anajua pa kulipa. Lakini tapeli anaweza kunakili sahihi hiyo yote, abadilishe till tu, na pesa iishie kwake.

Tunakushauri uombe kampuni iliyokuuzia domeni ikusaidie kuweka:

1. SPF: orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma imeli kwa domeni yako.
2. DKIM: muhuri unaoonyesha ujumbe haukubadilishwa njiani.
3. DMARC: inaiambia seva ya mpokeaji ikatae imeli bandia.

Tapeli bado anaweza kununua domeni inayofanana na yako. Kwa hivyo mkumbushe mteja: kabla ya kukubali malipo, asome jina linalotokea kwenye simu. Kama si la biashara yako, asitume.