Wanawake gani? Namna ya kuandika kuhusu rangi na jinsia

Ukikutana na neno "wanawake" katika utafiti wowote, usilipite. Uliza papo hapo: wanawake gani? Mwanafunzi akipewa mada ya rangi na jinsia, mara nyingi hujaza kurasa tatu za ubaguzi wa rangi, tatu za ubaguzi wa jinsia, kisha aya moja ya kuziunganisha. Mhadhiri hatamfelisha, ila mwanamke mweusi hatakuwa ameonekana popote.

Chukua kesi moja uichambue mpaka ndani. Mimi hupendekeza ile ya Emma DeGraffenreid na wanawake weusi wenzake wanne dhidi ya kampuni ya magari ya General Motors, iliyoamuliwa St. Louis, Marekani, mwaka 1976. Chora jedwali: juu wanaume na wanawake, pembeni weupe na weusi. Sasa jaza. Wanaume weusi walikuwepo, kiwandani. Wanawake weupe walikuwepo, maofisini. Wanawake weusi hawakuwa wakiajiriwa kabla ya 1964. Uchumi ulipoyumba miaka ya 1970, kampuni ilipunguza wafanyakazi kwa kufuata ukongwe kazini, aliyeingia mwisho akawa wa kwanza kutoka. Wanawake weusi walioajiriwa baada ya 1970 walitoka wote.

Tazama sasa mahakama ilivyosoma hesabu hizo. Iliona kampuni ilikuwa ikiajiri wanawake tangu zamani, kwa hiyo hakuna ubaguzi wa jinsia. Kuhusu rangi, iliwashauri walalamikaji wajiunge na kesi nyingine iliyokuwa ikiendelea dhidi ya kampuni hiyohiyo. Kuyaunganisha madai mawili ilikataa. Jumla zote zilikuwa sahihi. Kilichopotea ni kile kisanduku kimoja ambamo rangi na jinsia zinakutana.

Kisanduku hicho ndicho mwanasheria Kimberlé Crenshaw alichokifunua katika makala yake ya 1989, ambayo ndiyo iliyoipa nadharia ya makutano jina lake. Hoja yenyewe ni ya zamani zaidi. Anna Julia Cooper aliigusa katika kitabu chake cha 1892, na kundi la Combahee River Collective la Boston liliiandika waziwazi mwaka 1977. Wataje wote. Kumpa mtu mmoja sifa zote ni uvivu wa kusoma.

Kwenye takwimu zako fanya vivyo hivyo: omba idadi zilizogawanywa kwa vigezo vyote viwili kwa pamoja. Ukiambiwa hazipo, liandike hilo kwenye tasnifu, maana nalo ni matokeo.

Ila usilibebe jedwali la Marekani likiwa zimazima. Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí, katika kitabu chake cha 1997, alidai kwamba kwa Wayoruba wa kabla ya ukoloni kilichowapanga watu ni umri, si jinsia. Wapo wasomi waliompinga vikali, lakini swali lake halikwepeki: hizo safu umezitoa wapi? Anayeandika kuhusu Kisumu au Kilosa huenda akaona tabaka, kabila au umri vinatangulia rangi.

La mwisho ni Sojourner Truth, mwanaharakati mweusi aliyewahi kuwa mtumwa, ambaye hutajwa karibu katika kila insha ya mada hii kwa hotuba yake ya Akron, Ohio, ya 1851. Toleo maarufu, lenye swali linalorudiwarudiwa la "Je, mimi si mwanamke?", lilichapishwa na Frances Gage mwaka 1863, miaka 12 baadaye, nalo linamzungumzisha kwa lafudhi ya watumwa wa majimbo ya Kusini. Truth alizaliwa jimbo la New York, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiholanzi! Toleo la Marius Robinson, lililotoka gazetini wiki chache tu baada ya mkutano, halina swali hilo. Tumia la Robinson. Ikibidi utumie la Gage, mwambie msomaji kwamba maneno anayoyasoma yaliandikwa na mwanamke mweupe, wala usiyaweke kwenye alama za kunukuu kana kwamba yametoka kinywani mwa Truth.