Kifaru Kikizama Ziwani: Jinsi Vyuma vya Vita Vinavyoopolewa

Tarehe 14 Septemba 2000, tingatinga kubwa la Komatsu lilikivuta kifaru kutoka ziwa dogo la Kurtna Matasjärv, kaskazini-mashariki mwa Estonia. Kilikuwa kimekaa humo miaka 56. Kiliundwa na Wasovieti, aina ya T-34, kikatekwa na Wajerumani na kupakwa alama zao, kisha mwaka 1944, Wajerumani hao walipokuwa wakirudi nyuma, kikatumbukizwa ziwani. Hakikutoka rundo la kutu. Kilitoka chuma kizima, alama za Kijerumani zikiwa bado zinaonekana, na ndani yake makombora 116.

Kuvuta ndiko kunakopigwa picha, lakini ni sehemu ndogo ya kazi. Kifaru kitafika makumbusho au kitaishia kwa wauza skrepa kutegemea yaliyofanywa kabla ya waya kukazwa, na yatakayofanywa chuma kikishakutana na hewa.

Kwa nini tope huhifadhi

Chuma hakishiki kutu bila maji na oksijeni kukutana. Chini ya tabaka nene la tope au mboji, oksijeni karibu haipo, hivyo chuma hudumu miongo mingi. Grisi na mafuta ya injini huongeza kinga. Sisi wa Ziwa Tanganyika tuna ushahidi wetu: Julai 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao Graf von Götzen isije ikatekwa, lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kubeba abiria kwa jina la Liemba.

Baharini hali ni ngumu zaidi. Chumvi hupenya ndani ya chuma, na huendelea kukila hata baada ya kutolewa majini.

Mambo manne kabla ya kuvuta

*Kusanya ushuhuda.* Vifaru vingi hupatikana kwa masimulizi ya wenyeji kabla ya mitambo. Huko Estonia husimuliwa habari za kijana aliyeona alama za minyororo ya kifaru zikiingia ziwani, asione zikitoka. Masimulizi hulinganishwa na kumbukumbu za jeshi, kisha wapiga mbizi na vifaa vya kupima sumaku huthibitisha mahali penyewe.

*Jua mali ni ya nani.* Kifaru kilichotelekezwa vitani hakiwi mali ya aliyekiona kwanza. Mwingereza Ken Small alipopata habari za kifaru cha Sherman kilichozama karibu na Slapton Sands, kusini-magharibi mwa Uingereza, ilimbidi kwanza akinunue kutoka serikali ya Marekani, kwa dola 50. Hiyo ilikuwa mwaka 1974. Kifaru kilitolewa majini mwaka 1984, na leo kiko Torcross kama kumbukumbu ya mamia ya Wamarekani waliokufa katika mazoezi ya kijeshi ya Aprili 1944. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 kuhusu urithi ulio chini ya maji unahusu vitu vilivyozama kwa miaka 100 au zaidi, kwa hiyo vyuma vya Vita Kuu ya Pili bado hutegemea sheria za kila nchi.

*Watangulize wategua mabomu.* Maji hayaui baruti. Kombora lililolala topeni laweza kuwa hatari kuliko jipya, kwa kuwa fataki yake imechakaa na haitabiriki. Kifaru hakifunguliwi wala hakikatwi kwa moto mpaka wataalamu wa jeshi wakikague.

*Jiandae kukuta mabaki ya watu.* Baadhi ya vifaru vilizama na askari wake. Mifupa ikionekana, kazi husimama na mamlaka huitwa. Vibati vya utambulisho, vifungo na pete havichukuliwi kama kumbukumbu, maana huenda ndivyo pekee vitakavyoiwezesha familia kujua ndugu yao alikofia.

Siku ya kuvuta

Kifaru cha tani 30 hakivutwi kwa nguvu ya tani 30. Tope hukinyonya kutoka chini, na kadiri kinavyovutwa kwa ghafla ndivyo linavyokishika. Kwa hiyo wapiga mbizi huchimba pembeni na kupuliza maji ya kasi chini ya tumbo lake ili kuuvunja mnyonyo huo. Waya wa chuma hufungwa kwenye kulabu zake imara za kuvutia. Haufungwi kwenye mzinga, ambao ukivutwa utapinda au kung'oka. Kisha huvutwa polepole, na mara nyingi njia nyepesi ni ileile kiliyoingilia.

Hatari kubwa siku hiyo ni waya wenyewe. Ukikatika huku umekazwa, hurudi kwa kasi ya kumkata mtu. Watazamaji hukaa mbali kuliko urefu wa waya, na hakuna anayeuruka wala kusimama usawa wake.

Baada ya kutoka

Hapa ndipo wengi huharibu. Kifaru kilichodumu nusu karne topeni chaweza kuanza kubanduka magamba ya kutu kikiachwa juani bila matunzo. Tope huoshwa kwa maji safi, na sehemu ndogo hubaki zimelowa mpaka zipate fundi. Cha baharini huhitaji kutolewa chumvi, kwa kuloweshwa kwenye maji yenye dawa na wakati mwingine kupitishiwa umeme mdogo. Mafuta yaliyobaki ndani hukingwa yasimwagike ziwani. Kama hakuna jengo wala fedha za kukitunza, heri kibaki kilipo.

Wewe ukikuta chuma cha vita

Huenda usikute kifaru, lakini bomu au kombora laweza kuibuka shambani, mtoni au kwenye shimo la mchanga. Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga wilayani Ngara, bomu ambalo mwanafunzi aliliokota akidhani ni chuma chakavu cha kuuza lililipuka na kuua watoto. Kwa hiyo:

- Usikiguse, usikigonge, usikirushie jiwe.
- Usikipeleke nyumbani, shuleni wala kwenye mizani ya skrepa.
- Rudi kwa njia uliyojia, ukiweka alama inayoonekana kwa mbali.
- Toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji, chifu au polisi, ueleze mahali, ukubwa na umbo lake.
- Wazuie watu na mifugo kwa mbali mpaka wataalamu wafike, na kazi hiyo ifanywe na watu wazima, si watoto.