SOMO LA NYUMBANI: Kutengeneza Video Iliyoungua kwa Mwanga



Katika arusi ya binti wa ndugu yangu nilipewa simu nipige video. Kanisani mlikuwa na giza kidogo, nikaifungia simu kipimo cha mwanga wa mle ndani. Tulipotoka kwenye jua la saa saba nikasahau kukifungua. Gauni likawa doa jeupe, na nyuso zikapauka. Shemeji yangu, mama wa bibi arusi, sasa ni marehemu, na hiyo ndiyo video yake ya mwisho. Kwa hiyo nilijifunza kuitengeneza.

Kwanza tuelewe kosa lenyewe. Katika video ya kawaida ya biti 8, kila nukta ya picha hupewa namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu, kuanzia 0 hadi 255. Mfano wake ni kibaba. Kibaba kikijaa, unga unaozidi humwagika, na ukikitazama huwezi kujua uliomwagika ni kiasi gani. Vivyo hivyo, mahali palipojaa kabisa hapana nakshi tena. Palipo chini kidogo ya hapo bado pana kitu cha kuokoa.

Sasa fuateni hatua hizi:

1. Wekeni kando nakala ya video ya asili.

2. Fungueni video katika programu ya kuhariri. DaVinci Resolve, kwa mfano, ina toleo la bure. Tazameni grafu ya mwanga: juu ni weupe, chini ni weusi. Mstari uliolala bapa juu kabisa ndio kibaba kilichofurika.

3. Punguzeni kwanza sehemu zenye mwanga mkali, kisha za katikati, kidogo kidogo. Mkipunguza picha nzima kwa mara moja, vivuli huwa giza.

4. Kama palipoungua ni mahali pamoja tu, pazungushieni alama, mpunguze hapo peke yake.

5. Tazameni nyuso. Kwenye ngozi nyekundu hujaa kwanza, hivyo uso huelekea umanjano. Sawazisheni rangi.

6. Mjue pa kuachia. Weupe uliojaa kabisa, ukipunguzwa, hugeuka rangi ya majivu tu. Afadhali ubaki mweupe.

Shemeji alisimama kwenye kivuli cha mwembe. Uso wake ulirudi, tukamwona akicheka. Nakshi za gauni hazikurudi.

Basi, kinga ni bora kuliko tiba. Kwenye simu nyingi, gusa palipo na mwanga mkali, shikilia mpaka kipimo kifungwe, kisha teremsha alama ya jua. Ukihama mahali, pima upya. Picha yenye giza kidogo hutengenezeka kuliko iliyoungua.

Maswali ya kujipima:

(a) Kwa nini nakshi za gauni hazikurudi, na uso ulirudi?
(b) Kwa nini tusipunguze picha nzima kwa mara moja?
(c) Utafanya nini na simu yako ukitoka kivulini kwenda juani?