GARI LA DIZELI LIKIKOSA NGUVU MLIMANI



Katika somo letu la leo tutazungumzia gari la dizeli lenye tabo. Magari ya namna hii tunayo vijijini, na mengi ni ya zamani. Mchana yanabeba pamba, mahindi na abiria. Usiku yanabeba wagonjwa.

Gari likianza kukosa nguvu, watu husema haraka, "Tabo imekufa, tununue nyingine." Tabo ni ghali. Watu wanachanga fedha, tabo nyingine inafungwa, na gari bado linashindwa mlima. Kumbe ubaya ulikuwa mpira uliopasuka! Fedha zimekwisha, na mama mjamzito bado anangoja gari. Kwa hiyo tujifunze kupima kwanza. Kununua baadaye.

Tutatumia mfano wa Land Rover Defender yenye injini ya 300 Tdi. Injini hii ilianza kuuzwa mwaka 1994. Ina silinda 4, na ukubwa wake ni lita 2.5. Mambo mengi tutakayosema yanafaa pia kwa magari mengine ya zamani ya dizeli yenye tabo.

INJINI INAKULA NINI?

Injini ya dizeli inakula vitu viwili: dizeli na hewa. Haina plagi za kutoa cheche kama injini ya petroli. Pistoni inabana hewa mpaka hewa inakuwa ya moto sana. Kisha nozeli inanyunyiza dizeli, nayo inawaka yenyewe.

Ni kama jiko la kuni. Ukijaza kuni na hewa haipiti, utapata moshi tu. Hewa ikipita vizuri lakini kuni ni chache, chungu hakichemki.

Kazi ya tabo ni kuongeza hewa. Moshi unaotoka katika injini unazungusha gurudumu dogo. Gurudumu hilo limeshikana kwa chuma kimoja na gurudumu la pili. Hilo la pili ndilo linalosukuma hewa safi iingie katika injini. Magurudumu haya yanaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Hewa inapita kwanza katika kipoza hewa, chombo kinachofanana na rejeta. Hewa iliyopoa inajibana, kwa hiyo inaingia nyingi zaidi.

Tena kuna mpira mwembamba unaotoka upande wa tabo mpaka juu ya pampu ya dizeli. Mpira huu ni kama mjumbe. Unaiambia pampu, "Hewa imeongezeka, nawe ongeza dizeli."

TUUSOME MOSHI

Kabla ya kushika spana, gari lipande mlima, na mtu mmoja aangalie moshi.

Moshi mweusi mwingi: Dizeli ni nyingi kuliko hewa. Tuanze kupima upande wa hewa.

Moshi hakuna, na nguvu hakuna: Dizeli haitoshi. Tuanze upande wa dizeli. Tusisahau ule mpira mwembamba.

Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli, na injini inatetemeka: Dizeli haiungui vizuri. Huenda kuna hewa au maji ndani ya dizeli, au nozeli ni mbovu.

Moshi wa buluu: Injini inaunguza oili. Hapo tumwite fundi mapema.

UPANDE WA DIZELI

1. Kifuniko cha tanki. Kilegeze. Ukisikia tanki linavuta hewa kwa nguvu, na gari likapata nafuu, basi njia ya hewa ya tanki imeziba. Isafishwe.

2. Maji. Chini ya filta kuna skrubu ya kutolea maji. Ifungue kidogo, ukinge kwa chupa safi ya kioo. Iache chupa itulie. Maji yatakaa chini, dizeli juu. Karibu na tanki kuna chombo kingine cha kutenga maji. Nacho kimwagwe.

3. Filta. Ikiwa ni ya siku nyingi, badilisha. Filta ni rahisi kuliko pampu.

4. Hewa kwenye mabomba. Kutoka tanki mpaka pampu ndogo, dizeli inavutwa. Kwa hiyo kiungo kilicholegea kinaweza kuvuta hewa bila kudondosha dizeli hata tone. Usidanganyike kwa kuona pakavu! Fundi anaweza kufunga kipande cha mpira unaoonyesha ndani, kati ya filta na pampu kubwa. Mapovu yakipita, kuna mahali panavuta hewa.

5. Kutoa hewa. Legeza skrubu iliyo juu ya filta. Pampu kwa mkono ule mkono mdogo wa pampu ya ubavuni mwa injini, mpaka dizeli itoke bila mapovu. Kisha kaza. Ule mkono ukiwa hauna uzito, zungusha injini kidogo, ujaribu tena.

6. Kipimo cha dumu. Chukua dumu safi lenye dizeli safi, uunge mpira wake kwenye njia ya kuingia pampu ndogo. Injini ikifanya kazi vizuri, ubaya uko nyuma: tanki au bomba lake.

UPANDE WA HEWA

1. Filta ya hewa. Vumbi la barabara zetu linaiziba upesi.

2. Mipira mikubwa ya tabo na kipoza hewa. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, iminyeminye yote, hata upande wa chini usioonekana. Nyufa na alama za oili kwenye viungo zinaonyesha mahali hewa inapotoroka. Kaza vibano.

3. Mpira mwembamba. Uvue. Ziba ncha moja kwa kidole, uuzamishe katika maji, upulize ncha ya pili. Ukiona mapovu, mpira umetoboka. Mpira huu ni wa bei ndogo, lakini unaweza kulala na gari zima.

4. Kimlango cha tabo, ambacho mafundi wanakiita westigeti. Kinapitisha moshi pembeni ili hewa isizidi. Kikikwama wazi, tabo haisukumi.

5. Tabo yenyewe iwe ya mwisho. Vua mpira wa kuingizia hewa. Gurudumu lizunguke kwa kidole bila kukwama, wala lisikwaruze nyumba yake. Kuyumba kidogo sana pembeni si ubaya.

TAHADHARI

Usiweke mkono mbele ya nozeli inayonyunyiza. Dizeli ile ina nguvu ya kupenya ngozi. Ikikupata, nenda hospitali mara moja, hata kama kidonda ni kidogo.

Usiguse tabo yenye moto, wala usipeleke kidole ndani yake injini ikiwa inanguruma.

Tabo inayovujisha oili nyingi ni hatari. Injini inaweza kunywa oili yake na kukimbia ovyo, hata ufunguo ukizimwa. Usiendelee na safari.

Baada ya kupanda mlima mrefu, usizime injini papo hapo. Iache ingurume taratibu dakika moja au mbili, oili iipoze tabo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Injini ya dizeli inahitaji vitu gani viwili ili iwake?
2. Gari linatoa moshi mweusi mwingi mlimani. Tuanze kupima wapi? Kwa nini?
3. Kwa nini kiungo kikavu kinaweza kuwa kibovu?
4. Katika gari mnalolitegemea, nani anamwaga maji ya filta, na mara ya mwisho ilikuwa lini?